Sura ya Tano: Waya Ulioota Kutu

Helikopta ilikuwa imelala ubavu katikati ya shamba la mtama huko Morotonga. Mkia umekatika, panga lake moja la juu limezama udongoni. Mwenye shamba alikuwa ameizungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasiisogelee, na askari mmoja alikaa juu ya jiwe akiilinda, koti la mvua kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumatatu, siku ya ajali, na Jumatano hii ndiyo kwanza ilikuwa imepumzika.

Inspekta Bernadetha wa upelelezi aliacha viatu vyake garini, akavaa mabuti ya mpira, akaingia shambani. Godwin alikuwa ameshatangulia. Alikuwa mchunguzi wa ajali za ndege, ametumwa kutoka Dar es Salaam, mtu mrefu ambaye alipoongea aliongea huku anaangalia kitu kingine.

"Umekuja mapema," Godwin alisema, kichwa kikiwa ndani ya injini.

"Kesho asubuhi mtu wangu anapelekwa mahakamani kwa kosa la mauaji. Nataka nijue kama kweli ni mtu wangu."

Mtu huyo aliitwa Nashoni Gati, fundi wa helikopta hiyo. Rubani wake, Kapteni Simoni, alikufa palepale shambani. Abiria wawili walipona: Boke, mama aliyekuwa anavuja damu baada ya kujifungua kijijini Kewanja, na muuguzi Precious aliyekuwa akimsindikiza. Walikuwa wanaletwa hospitalini Mugumu kwa sababu mto ulikuwa umefurika kwa mvua za milimani na barabara haipitiki. Zilibaki dakika chache tu watue, injini ikazima.

Nashoni alikamatwa jioni ileile. Mwezi mmoja kabla, helikopta hiyohiyo, ambayo kazi yake ya kawaida ilikuwa kuhesabu wanyama na kusaidia doria, ilikuwa imeona kundi la ng'ombe wa wizi wamefichwa bondeni. Mmoja wa vijana waliokutwa na ng'ombe hao alikuwa mdogo wake Nashoni, tumbo moja. Mkuu wake Bernadetha hakuhitaji zaidi ya hapo.

"Sababu anayo, nafasi anayo, ujuzi anao," alimwambia. "Unatafuta nini tena?"

Alichokuwa nacho Bernadetha ni mazoea ya kutofunga jalada kabla hajakiona kitu kwa macho yake.

"Njoo uone," Godwin aliita.

Alimwonyesha upande wa chini wa injini. Vyuma vilikuwa vimelowa oili nyeusi iliyotapakaa hadi kwenye mkia uliokatika.

"Oili yote imetoka. Injini ya aina hii ikikosa oili, beringi zinaungua, inakwama. Hilo sina shaka nalo. Swali ni ilitokea wapi." Aliweka kidole kwenye kifuniko kidogo cha chuma, ukubwa wa kizibo cha chupa. "Hapa. Hii ni plagi ya sumaku. Oili inapozunguka inapita mbele yake. Kama kuna chuma kinasagika ndani ya injini, vipande vinanasa hapa. Fundi anaitoa, anaiangalia, anaisafisha, anairudisha."

"Na ilikuwa imetoka?"

"Ilikuwemo. Lakini haina oringi." Akafafanua kwa kidole na gumba. "Kile kimpira cha duara kinachozuia oili isipite. Aliyeirudisha hakukiweka. Ukiwasha injini, oili inajikamua pole pole. Ukiruka, inazidi."

Bernadetha aliinama karibu zaidi. Plagi ilikuwa imefungwa kwa waya mwembamba uliopitishwa kwenye tundu lake na kushikizwa kwenye boliti ya jirani. Waya huo ulikuwa wa rangi ya matofali.

"Mbona huu una kutu na ule pale hauna?"

Kwa mara ya kwanza Godwin alimtazama usoni. "Ndicho nilichokuitia. Nyaya zote za injini hii ni za chuma kisichoshika kutu. Tazama zilivyosokotwa, mizunguko yote sawasawa, kwa plaizi maalumu. Huu ni waya wa kufungia nondo. Wa dukani. Umenyeshewa siku mbili tu umeshabadilika. Na umesokotwa ovyo, hapa umebana, hapa umelegea."

"Fundi wa ndege anaweza kufunga hivi?"

"Anaweza kufanya chochote. Lakini ni sawa na wewe kufunga pingu kwa kamba ya katani."

Bernadetha alipiga picha, kisha akampigia mkuu wake simu akiwa amesimama palepale kwenye matope. Mkuu alisikiliza hadi mwisho.

"Amefunga vibaya makusudi," alisema. "Ili mseme hayo mnayosema. Huyo si mjinga."

Simu ikakatwa.

*

Nashoni aliletwa chumba cha mahojiano akiwa pekupeku. Alikuwa kijana wa Kerende, mabega mapana, kucha bado na weusi wa kazi. Alimwamkia, akakaa mikono juu ya meza bila kuambiwa.

"Nieleze asubuhi ya Jumatatu," Bernadetha alisema. "Tangu ulipoikaribia helikopta."

"Nilishaeleza, afande."

"Uliwaeleza wengine. Mimi sikuwepo."

Nashoni alivuta pumzi. "Naanza mbele kwenye tundu la hewa. Naangalia kama ndege wamejenga, kama kuna majani. Halafu nafungua vifuniko vya injini. Naangalia chini kwanza kabla ya juu, kwa sababu kinachovuja kinaonekana chini. Napapasa mabomba. Natoa mafuta kidogo kwenye chupa, nayainua kwenye mwanga, kama yana maji yanajitenga. Naangalia kioo cha oili. Nazungusha injini kwa mkono nisikilize. Kila siku hivyohivyo, iruke isiruke."

"Na plagi ya sumaku?"

"Hiyo si ya kila siku, ni mpaka taa iwake. Jumatatu nilipowasha umeme, taa yake iliwaka. Nikaitoa." Alisugua gumba lake kwenye kidole. "Vumbi la chuma ni kawaida, unafuta, unarudisha. Lakini haikuwa vumbi. Vilikuwa vipande, ukivishika vinachoma. Maana yake beringi imeanza kulika. Nikasema haendi mtu."

"Ulimwambia nani?"

"Gidion. Yeye ndiye msimamizi wa kambi, yeye ndiye anayezungumza na makao makuu Arusha. Akasema atawapigia. Nikaweka oringi mpya, nikarudisha plagi ili uchafu usiingie, nikafunga waya. Sikuisafisha, niliiacha na vipande vyake ili mhandisi akija avione mwenyewe. Kwenye usukani nikaning'iniza kile kitambaa chekundu. Kila mtu anajua maana yake, hairuki."

"Kitambaa hakikuonekana."

"Nimeambiwa."

"Na kitabu cha helikopta hakina neno lolote kuhusu hitilafu."

"Hitilafu naiandika kitabuni Arusha wakishajibu na kunipa namba ya kazi. Walikuwa hawajajibu. Halafu kesi ya mdogo wangu ilikuwa inasikilizwa siku ile. Nikamwomba Gidion ruhusa, kwa kuwa helikopta haitoki, nikaenda mahakamani. Niko kwenye benchi nasikia watu wanasema imeanguka." Alimtazama Bernadetha. "Nilidhani ni nyingine."

"Gidion anasema ulimwambia iko salama."

"Najua anavyosema."

"Ulimchukia Simoni kwa ajili ya mdogo wako?"

"Mdogo wangu alikutwa na ng'ombe wa watu, afande. Simoni hakumpeleka kule. Nilikasirika, ndiyo. Siku mbili tatu sikula naye. Halafu tukaendelea."

Bernadetha alifungua picha kwenye simu, akaisukuma mezani. Nashoni aliikuza kwa vidole viwili. Uso wake ukabadilika, si kwa hofu, ila kama mtu aliyeona mlango wa nyumba yake umevunjwa.

"Waya gani huu?"

"Nakuuliza wewe."

"Huu ni wa kufungia nondo. Kisyeri, mlinzi, anautumia kwenye uzio." Akaikuza tena. "Na ile taa? Ilikuwa inawaka wakati Simoni anaruka?"

Swali hilo lilimsimamisha Bernadetha. "Ikiwaka, rubani anaiona?"

"Iko mbele ya macho yake. Asingeruka. Hakuna rubani anayeruka na ile taa."

"Na inazimwaje?"

"Unatoa plagi, unafuta vile vipande. Basi. Inazima."

Bernadetha alirudisha simu mfukoni. Alimgeukia askari aliyekuwa mlangoni.

"Mrudishe," alisema. "Na mpe viatu vyake, sakafu ni baridi."

*

Godwin ndiye aliyeendesha gari kwenda kambini. Bernadetha alingoja mpaka wapite nyumba za mwisho za mji.

"Mtu anayetaka helikopta ianguke," alisema, "anafanya nini?"

"Kuna njia nyingi."

"Chukulia hii plagi. Analegeza, anaondoka. Si ndiyo? Kwa nini aisafishe? Kwa nini ahangaike kutafuta waya, aufunge, tena kwa tabu, vidole havijazoea?"

Godwin alipunguza mwendo kupisha mbuzi. "Ili isifunguke angani."

"Ndiyo. Aliifunga ili ishike. Alisafisha ili taa izime. Oringi hakuitoa kwa hila, ilimdondoka, au ilibaki kwenye kitambaa alichofutia, na hakujua umuhimu wake. Tangu Jumatatu tunatafuta mtu aliyetaka helikopta ianguke. Tumepotea njia. Huyu alitaka iruke."

Godwin alibadilisha gia. Kisha akasema, "Hilo linamwondoa Nashoni."

"Linamwondoa kichwani mwangu. Kichwani mwa mkuu wangu bado yumo."

Kambi ilikuwa vyumba vinne vya bati, tanki la maji, na kiwanja cha nyasi kilichofyekwa. Mahali helikopta ilipokuwa ikikaa palibaki alama mbili za njano kwenye majani. Mzee Kisyeri, mlinzi, alikuwa akirekebisha lango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Mfukoni mwa koti lake ulichungulia waya uliozongwa. Bernadetha aliomba kipande, akakishika karibu na picha. Ni uleule.

"Mzee, waya huu unakaa wapi?"

"Unakaa nje hapa, na plaizi zake. Wezi wa hapa wanataka ng'ombe, hawataki waya." Alicheka peke yake, akaacha.

"Polisi wenzangu wameandika kwamba Jumapili jioni uliona watu wageni karibu na uzio."

"Walikuwa akina mama wanatafuta kuni. Yule kijana wenu aliandika 'watu wageni', mimi nilisema akina mama. Nawafahamu kwa majina, wote ni wa hapahapa Morotonga."

"Na Jumatatu, Nashoni alipokwisha kwenda mahakamani, nani alisogelea helikopta?"

"Mimi nilikuwa huku langoni. Lango liko huku, yenyewe ilikuwa kule nyuma ya nyumba." Kisyeri alifikiri. "Ila Gidion alikuja kuchukua plaizi zangu, na waya kidogo. Alisema bomba la tanki linavuja."

"Alizirudisha?"

"Alizirudisha mbio mbio. Mikono ina oili. Nikamwuliza, kwani tanki siku hizi linatoa oili? Hakunijibu. Nikaona labda ana haraka, simu yake ilikuwa haiachi kulia."

Bernadetha na Godwin waliangalia tanki. Bomba lake lilikuwa la plastiki, maungio yameunganishwa kwa gundi. Hapakuwa na waya popote.

Gidion Nyangwine waliambiwa ametoka. Lakini pikipiki ilirudi kabla hawajaondoka, naye akashuka, kijana mnadhifu, shati limechomekewa, macho mekundu ya mtu asiyelala. Aliwasalimia, akawapa viti.

"Sina mengi mapya, afande. Nashoni alisema iko sawa. Zahanati ya Kewanja ikapiga, kuna mama hali yake mbaya. Nikamwambia Kapteni, akaenda."

"Kitambaa chekundu hukukiona?"

"Hapana."

"Umewahi kumsaidia Nashoni kazi zake?"

"Kumshikia tochi, kumpa spana. Sote tunasaidiana hapa."

"Jumatatu ulichukua plaizi kwa mzee Kisyeri."

"Bomba lilikuwa linavuja."

"Sawa," Bernadetha alisema, akasimama. "Na huyo mama mgonjwa ulikuwa unamfahamu?"

"Ni watu wa kijijini," Gidion alijibu, akijifuta kiganja kwenye suruali. "Wote tunafahamiana."

Garini, Godwin aliuliza kwa nini hakumbana palepale.

"Waya uko wazi kwa kila mtu, na plaizi si kosa. Nataka nijue kwa nini. Mtu mwoga kama yule havunji kazi ya fundi bila sababu nzito."

*

Muuguzi Precious alikuwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake, mkono wa kulia kwenye plasta. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, na alikuwa akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, anachora herufi kubwa kubwa nyuma ya boksi la dawa.

"Nani aliomba helikopta?" Bernadetha aliuliza alipokwisha kumpa pole.

"Mimi sikuomba. Sikujua hata kama inaombwa. Nilimpigia kaka yake Boke kumwambia kama kuna ndugu wa kuja waje mapema, kwa maana damu ilikuwa haisimami na gari haliwezi kuvuka mto. Akasema nisimwache, anatuma helikopta."

"Kaka yake nani?"

"Gidion. Yule wa kambini. Baba mmoja, mama mmoja." Precious alimtazama kwa mshangao. "Hamkujua?"

"Hakutuambia."

"Labda ana aibu. Tangu jana anafika hapa na machungwa, anaishia mlangoni. Akichungulia akamkuta yule mama ndani, anageuka anaondoka. Machungwa ananiachia mimi."

Bernadetha hakuuliza mama gani. Alikwenda dirishani, akatazama ndani, akamtambua mwanamke aliyemwona kituoni, akarudi benchini.

"Niambie kuhusu Kapteni Simoni. Mlipokuwa Kewanja."

Precious aliweka kalamu chini. "Alitua uwanja wa mpira. Tulipokuwa tunampandisha Boke kwenye machela, yeye alizunguka nyuma, akafungua injini. Aliingiza mkono, ukatoka mweusi. Alisimama pale muda. Halafu akaja kuniuliza pembeni, 'Dada, huyu akingoja mpaka kesho itakuwaje?' Nikamwambia hafiki jioni."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alitoa kopo la oili chini ya kiti, akalimimina lote, akafunga. Njiani alikuwa anaangalia kisaa kimoja tu pale mbele yake. Nilimwona. Ilipozima hakupiga kelele. Alisema, 'Mshike shingo.' Basi. Kulikuwa na nyumba mbele yetu, akakata kona kwenda shambani. Upande uliogonga chini ni wa kwake."

Alinyanyua kalamu tena, lakini hakuandika.

Simoni, basi, aliiona oili. Hakuiona taa, kwa sababu ilikuwa imezimwa. Aliamini ni uvujaji tu, wa kumaliziwa na kopo moja, katika injini ambayo fundi ameipitisha. Angejua kuhusu vile vipande vya chuma, labda angechagua vingine. Labda asingechagua. Bernadetha hakuwa na namna ya kumwuliza.

Aliamua kungoja saa ya kuona wagonjwa.

Gidion alitokea na mfuko wa machungwa. Alipomwona Inspekta alisita, kisha akaendelea kuja, hatua fupi fupi.

"Kumbe ni dada yako," Bernadetha alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza."

"Nilisema tunafahamiana."

"Tanki la maji halina waya, Gidion. Mabomba yake ni ya gundi. Mzee Kisyeri aliona oili mikononi mwako. Na taa ya plagi iliwaka asubuhi, haikuwaka wakati wa kuruka. Nashoni alikuwa mahakamani, wamemwona watu wote wa pale, hakimu mwenyewe amemwona. Nani mwingine alishawahi kushika tochi wakati plagi ile inatolewa?"

Gidion aliangalia machungwa yake.

"Naweza kukupeleka kituoni tukaandikishane huko," Bernadetha aliendelea kwa sauti ileile. "Lakini ulikuja kumwona dada yako. Ingia kwanza umwone."

"Nitakuja baadaye."

"Kwa sababu ya yule mama?"

Bernadetha alisukuma mlango, akaushikilia wazi.

Kitanda cha Boke kilikuwa cha pili. Alikuwa ameegemezwa mto, uso umekwisha, lakini macho yana uhai. Kando yake, kwenye stuli, alikaa mwanamke wa makamo aliyejifunga khanga mbili, bakuli la uji mkononi, anampa kwa kijiko na kumsemesha Kikurya taratibu. Huyu alikuwa Tabitha, mama yake Nashoni. Alikuwa amevuka mto kwa mtumbwi ili amletee mwanawe chakula rumande. Askari walichukua chakula, wakamwambia mwenyewe haruhusiwi kumwona. Hapo kituoni ndipo aliposikia kuwa binti wa Kewanja, kijiji cha jirani, amelazwa peke yake, mama mkwe amebaki nyumbani na kichanga. Akaja. Usiku wa kuamkia leo alilala chini ya kitanda hicho.

"Gidi!" Boke alisema. "Umekuja leo? Msalimie Mama Nashoni. Bila yeye ningekuwa nimekufa njaa humu."

"Shikamoo, mama," Gidion alisema.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Kaa. Umekonda." Tabitha alimsogezea stuli kwa mguu, kijiko kikiwa hewani. "Na wewe huli?"

Gidion hakukaa. Bernadetha alisimama mlangoni. Wagonjwa wengine walikuwa na wageni wao, wanaongea, sufuria zinagongana.

"Mama," Gidion alisema. "Mama, Nashoni hakufanya kitu."

"Najua."

"Hapana. Nisikilize. Nashoni aliikataza isiruke. Aliniambia mimi. Alipoondoka nikafungua ile plagi nikaifuta, taa ikazima. Kile kitambaa nikakitupa chooni. Nikamwambia Simoni kwamba Nashoni ameikagua, iko sawa." Alihamishia mfuko wa machungwa mkono wa pili. "Walikuwa wananipigia kila mara. Boke anakufa, Boke anakufa. Nilidhani itakwenda na kurudi mara moja tu. Halafu wakaja polisi, wakauliza fundi ni nani, nikanyamaza. Kesho yake nikanyamaza tena. Kila nikitaka kusema nakuta ni vigumu kuliko jana."

Boke alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni, hakuyafuta.

"Yule rubani alikuwa anajua?" aliuliza bila kufumbua.

"Aliona inavuja. La beringi sikumwambia."

Tabitha alibaki na kijiko hewani. Uji ulidondoka mara moja juu ya shuka. Alimtazama Gidion kwa muda mrefu, uso haumwambii mtu chochote, halafu akamgeukia Bernadetha.

"Amesema mbele yako?"

"Nimesikia, mama. Na atasema tena kwa maandishi."

"Kwa hiyo mwanangu anatoka."

"Anatoka leo. Twende, gari liko nje. Nitakupeleka mwenyewe ukamchukue."

Tabitha alishusha pumzi ndefu. Alifuta shuka pale uji ulipodondoka kwa ncha ya khanga. Aliinuka nusu, akaangalia bakuli, likiwa bado limebaki nusu, na yule binti aliyefumba macho, na kaka yake aliyesimama na machungwa hajui ayaweke wapi. Akakaa tena.

"Ngojeni nje kidogo," alisema, akachota kijiko kingine. "Boke. Fungua mdomo."

Bernadetha alimshika Gidion mkono, akamtoa nje hadi kwenye benchi, wakakaa wakingoja.